Nasimiyu, Jumamosi Usikimbie

Mama yangu Nasimiyu,

Umeenda kanisani kuagwa na vijana wenzako. Mama yako yuko jikoni anakufungia kuku wa njiani, na ananigombeza kupitia ukutani kwa sababu nimechukua kalamu yake ya chama. Acha agombe. Leo naandika mimi. Darasa la nne nililoachia mimi lilikuwa la zamani, la mwalimu wa kiboko, na ukiliweka kando ya hizi shule zenu za siku hizi halioni haya. Mwandiko utausoma hivyo hivyo. Neno likikushinda liruke, mbele kuna mengine.

Mambo ya sabuni, shuka, kuomba kabla ya kula na kutopokea vitu vya watu kwenye basi, hayo mama yako atakuambia mpaka masikio yachoke. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe liko nyuma ya paja lako la kulia.

Najua utauliza, kwa nini Baba asiseme kwa mdomo, si tuko boma moja? Kwa mdomo nimejaribu. Nikianza napiga kelele, wewe unaangalia chini, mama yako anaingilia, na mwisho tunajikuta tunagombania kuku. Kwa hivyo nitaiweka barua hii ndani ya viatu vyako vya kukimbia, uipate ukiwa mbali ambapo kelele zangu hazifiki.

Jumamosi hii, kabla hujajua hata choo cha hiyo shule mpya unayokwenda kiko upande gani, watakupanga mstari na wasichana wengine wawapime mbio. Anayekimbia anapewa nafasi ya kusomeshwa kwa ajili ya miguu yake. Anayechechemea anarudishwa kwao. Na msuli ule uliochanika wakati wa likizo haujapona. Usiniambie umepona! Jana nimekuona ukivuka mtaro pale langoni. Ulitanguliza mguu wa kushoto, halafu wa kulia ukauvuta nyuma kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Wewe, uliyekuwa unaruka mtaro huo na ndoo ya maji kichwani bila kumwaga!

Nimekasirika, mama. Nimekasirika na watu wengi, na nitawapitia wote. Zamu yangu pia itafika, usiniharakishe.

Nianze na mwalimu wenu wa michezo, yule wa filimbi moja. Nilikuwa nasimama kwenye ua wa shule yenu na fahali wangu Greda kila tukitoka kunywa maji mtoni, na nilikuwa naona. Mtu wa kutupa tufe, golikipa, wasichana wa raga, wale warefu wa voliboli, na wewe wa mita mia, wote mnapigiwa filimbi moja mzunguke uwanja mpaka mtapike. Na anayetapika ndiye anayesifiwa! Sasa mtu wa mita mia anafanya nini na kuzunguka uwanja mpaka jua linazunguka naye? Kazi yake inaisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Mimi nimefuga mafahali wa kupigana tangu baba yangu alale kaburini, na kutoka Malava hadi Webuye hakuna mtu atakayekuambia nilishindwa bila yeye mwenyewe kucheka. Ulimjua Kinu, yule mweusi aliyekufa ukiwa mdogo. Kinu alikuwa fahali wa kusukuma. Alikuwa anaweka paji la uso kwa mwenzake na kubaki hapo mpaka umande unakauka, na kwa hivyo nilikuwa namtembeza mbali, hadi kule miwa inapoishia, mzigo wa udongo ukiwa mgongoni. Greda ni kitu kingine. Vita vya Greda viko katika hatua za kwanza. Akifika na kishindo, yule mwingine anageuka. Kwa hivyo Greda anapanda kile kilima kifupi cha mtoni kwa nguvu zote, anateremka polepole, anasimama mpaka mbavu ziache kupiga, ndipo anapanda tena. Akionyesha kuchoka, tunarudi nyumbani, hata kama jua halijatoka. Mafahali wawili, mazoezi mawili. Mwendawazimu gani angewafunga kamba moja?

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema pale uani, kwa sauti. Na watu walikuwa wanakubali.

Halafu akaja yule msichana mdogo wa Kisii, Mwalimu Moraa, aliyetumwa na chuo chake kufanya mazoezi ya kufundisha. Huyo aliwatenganisha. Wa raga kivyao, wa voliboli kivyao, nyinyi wa mbio kivyenu. Ningefurahi, maana ndivyo nilivyokuwa nahubiri. Lakini siku ya kwanza nilipopita na Greda, nikakuta amepanga matofali, na mnapanda juu ya tofali mmoja mmoja, mnaruka chini, mnabaki mmechuchumaa hapo kama mnatafuta sindano.

"Mwalimu!" nikamwita kupitia ua. "Hawa watoto wameletwa shule kuruka matofali?"

"Hawaruki matofali, mzee. Wanajifunza kutua."

"Kutua! Hata kuku wangu anatua, na hajaenda chuo."

Nyinyi mkacheka. Wewe ndiwe uliyecheka kuliko wote, nilikuona. Yeye hakukasirika. Akaniuliza, "Na kuku wako, mzee, akitua na goti limeingia ndani, Jumamosi anacheza raga?"

Mkacheka tena, mara hii mkinicheka mimi. Nilimvuta Greda tukaenda. Siku nzima nilikuwa natafuta jibu la kumpa, na nilipolipata alikuwa ameshaenda nyumbani.

Baadaye alikuja hapa bomani. Unakumbuka. Alikuta wewe uko nyuma ya nyumba umebeba vile vyuma nilivyokutengenezea mwenyewe, mikebe ya rangi niliyoijaza saruji na bomba katikati. Nilikuwa najivunia vile vyuma. Vijana wa barabarani walikuwa wanakuja kuviomba. Nilikuwa nakusimamia nikikuhesabia, na ukitaka kuviweka chini nakuambia Greda hawekangi chini.

"Nani alimtengenezea hii?" akauliza.

"Mikono hii."

Akakuomba uweke mikebe chini. Akachukua mti wa ufagio wa mama yako, akakuwekea mabegani, akasema chuchumaa. Ukachuchumaa. Magoti yako yakaingia ndani, yakaangaliana kama watu wanaosengenyana. Akakuambia rudia. Yakaingia tena.

"Mzee," akasema, "hajaweza ufagio, na wewe unampa saruji."

"Greda hakuanza na ufagio."

"Greda alianza kupigana akiwa na umri gani?"

Hapo nikajaa. Hilo ni swali langu. Nikamweleza vile wenzangu walikuwa wananidharau, wakiniambia Wekesa unaogopa, mtoe huyo dume tumwone, na mimi nikakataa. Nilingoja mpaka meno yote ya utotoni yamebadilika. Nilingoja mpaka shingo imejaa, mpaka akisimama nyuma ya trela la miwa unaona mgongo wake juu. Wengine walitoa madume yao mapema, wakavunjika pembe na moyo, wakaishia buchani. Greda nilimtoa kwa wakati wake, na tangu siku hiyo unajua mwenyewe.

Aliniacha nimalize. Ndipo akakuangalia wewe, akaniangalia mimi.

"Na huyu? Meno yake yote yameota?"

Nilimwambia mama yako ampe chai, anywe, aende. Wewe ulinikasirikia kwa sababu ya hilo, na mimi nikasema mtoto wa watu asinifundishe kulea. Lakini alikuwa amekuachia yale mazoezi. Kukimbia kifupi kwa nguvu zote, na katikati kupumzika kabisa mpaka ungeweza kuimba. Kuruka na kutua kimya, miguu isilie chini. Kuchuchumaa na mti mtupu mpaka magoti yaelekee vidole, ndipo uongeze uzito kidogo, na ukiongeza leo usiongeze kesho. Kuinua kisigino na kiuno ukiwa umelala chali, zoezi lile mama yako alilosema linaonekana vibaya. Alisema nguvu si adui wa msichana, na si adui wa mbio, lakini inaingia mwilini polepole, na inaingia ukiwa umelala. Nilimsikia. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikijifanya natengeneza jembe.

Muhula ulipoisha akarudi chuoni kwake, na mimi nikakurudishia mikebe ya saruji. Nakuambia hivi sasa kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

Sasa niende kwa yule mheshimiwa, mwanasiasa wetu, na mashindano yake ya likizo. Huyu nimemkasirikia mpaka nikisikia gari lake barabarani natema mate. Alikuwa na haraka, sijui harusi, sijui mkutano, kwa hivyo michezo ya wiki nzima ikasukumwa ndani ya siku moja. Watoto wanacheza mpira, wanavua jezi, wanavaa nyingine, wanaingia raga. Hakuna anayeuliza amekula nini. Soda na mkate, basi. Wakubwa wamekaa chini ya hema wanapepewa, na mtangazaji anapiga kelele kwenye kipaza sauti kama anauza dawa ya mende.

Asubuhi ulicheza raga. Mama, ulicheza! Ulipochukua mpira ule pembeni na kupita wale wasichana kama wamepandwa pale, mimi nilitupa kofia juu na haijaonekana mpaka leo. Ndiyo siku yule kocha wa shule unayokwenda alikuwepo. Alikuona, akaandika jina lako, akamwambia mwalimu wenu atapiga simu, na kabla ya chakula akaingia kwa gari lake akaenda. Ya mchana hakuyaona. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoleta haya yote.

Wakati huohuo wa asubuhi watu wa mheshimiwa walikuja kwangu. Nilikuwa na wazee wenzangu wa mafahali, na ngoma za isukuti zinalia, na rafiki yangu Lutomia yuko kando yangu amevaa lile koti lake la siku zote. Wakasema, mzee, mheshimiwa anataka kuona Greda akipigana kidogo tu, kabla hajaondoka. Nikawaambia, "Greda alipigana Jumamosi iliyopita. Yuko nyumbani kwa kivuli anakula majani ya kukatiwa. Hata aje rais na bendi yake, hatoki."

"Ni kidogo tu, mzee."

"Shingo yake inajua kidogo?"

Wazee wakapiga makofi. Lutomia akasema, "Mmemsikia mtu anayejua mnyama!" Nikajisikia mrefu. Nikajisikia nimekuwa mti.

Na mchana, mahali pale pale, viatu vyangu vikiwa havijasogea, akaja mwalimu wenu wa filimbi akikuongoza. Mkono wako ulikuwa nyuma ya paja.

"Mzee, Nasimiyu anasema huku nyuma kunavuta tangu raga. Na yeye ndiye wa mwisho kwenye mbio za kupokezana vijiti. Tukimtoa, hatuna mtu. Tufanyeje?"

Kabla sijafungua mdomo, Lutomia akasema, "Waulize watu wengine! Kwa Wekesa hakuna ng'ombe wa kukimbia vita!"

Wakacheka wote. Wewe hukucheka. Ulikuwa unaniangalia mimi peke yangu, na ulikuwa unangoja. Nilijua unangoja nini. Mtu yeyote angejua. Na mimi nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye hema, "Damu ya Wekesa haivuti. Mpe kijiti."

Ulichukua kijiti. Ulikuwa umeshampita mmoja, unamfikia wa pili, ndipo nikakuona umeshika paja kama mtu aliyepigwa jiwe, ukaangukia mabega. Wapiga ngoma walikuwa wamegeukia upande mwingine, hawakuona. Waliendelea kupiga. Mpaka leo nikisikia isukuti natoka hapo.

Unaona sasa? Nilikataa kwa ajili ya ng'ombe, asubuhi. Nikakubali kwa ajili ya mtoto wangu, mchana. Kwa watu wale wale. Halafu nikarudi nyumbani nikamkatia Greda majani.

Usifikiri nasema hivi ili unihurumie. Sihitaji. Nasema kwa sababu nimeona vile inafanyika. Hakuna mtu mbaya aliyekuja na rungu. Mwalimu alitaka ushindi wa shule, Lutomia alitaka kicheko, mimi nilitaka kubaki mrefu vile nilivyokuwa asubuhi, na kila mmoja alichukua kipande cha mguu wako akaondoka nacho. Na huko uendako watu wa namna hiyo wako. Watavaa suti za michezo zinazong'aa, watakuita bingwa, na watasema ni kidogo tu.

Halafu wale wa baadaye! Yule mkandaji wa Chekalini, aliyeletwa na shangazi yako, aliyekukanda msuli uliochanika kama anakanda ugali wa matanga mpaka ukauma shuka kwa meno, eti anarudisha mshipa mahali pake. Mshipa ulikuwa umeenda wapi? Na wale waliokuja jioni wakinong'ona kwamba umelogwa kwa sababu ya kasi yako. Nikawaambia aliyemloga Nasimiyu ni ratiba, na mkitaka kumjua mganga wake, mwiteni mheshimiwa. Walikunywa chai yetu wakaenda bila kuaga. Yule daktari wa kliniki peke yake ndiye aliyesema neno la maana, kwamba upumzike, halafu utembee, halafu ukimbie polepole, na usikimbie kwa nguvu zote mpaka mguu wa kulia uweze kila kitu kinachofanywa na wa kushoto. Ulipumzika. Ulitembea. Yaliyobaki ulitaka kuyaruka, kama mtaro.

Maana kocha akapiga simu. Nilikuwa kwa kinyozi, watu wamejaa. Akasema, mzee, tumemchukua binti yako kwa majaribio, ana jeraha lolote tunalopaswa kujua? Na wewe unanijua. Watu wamenyamaza wanasikiliza, kinyozi amezima mashine. Nikasema, "Jeraha? Huyo ni damu yangu, kocha. Huyo ni fahali." Kinyozi akaninyoa bure.

Nilipokuambia, hukunilaumu. Hicho ndicho kilichonitisha. Ulifurahi! Ulinishika mkono nyuma ya jiko ukaniambia, "Baba, umefanya vizuri. Usimwambie mtu juu ya mguu. Nitaufunga bandeji kwa ndani, nitakunywa dawa ya maumivu kabla, ni mara moja tu. Nikishapata nafasi ndipo nitapumzika." Na ukaniapisha. Uliniapisha kwa jina la mama yangu, ambaye ndiye wewe, maana nilikupa jina lake. Nikaapa.

Mama, maneno hayo umeyatoa wapi? Mara moja tu. Ni ya watu wa mheshimiwa. Uliyapata kwangu, hapana mahali pengine, pale uwanjani, ukiniangalia. Mimi nilikufundisha kukimbia mbele ya Greda asubuhi na mapema mpaka wavulana wa kijiji wakaacha kukucheka wakaanza kukuogopa, na hilo sitalitubu. Nilikufundisha kutokulia. Nilikufundisha kutokuweka chini. Na kitu kimoja ninachokijua vizuri kuliko mtu yeyote kutoka Malava hadi Webuye, kusema hapana kwa mtu anayetaka nguvu ya mnyama wako leo kwa sababu yeye ana haraka, hicho nilimfundishia Greda, na Greda hata hawezi kusema.

Mguu huo utautaka siku nyingi. Msuli ukichanika mara ya pili pale pale, unaunga vibaya. Nimeona kijana wa raga hapa Malava, aliyekuwa na kasi ya kutisha, sasa anauza muwa kando ya barabara, na akivuka barabara anangoja magari yaishe kabisa. Hakuna aliyemvunja siku moja. Walimchezesha kidogo kidogo.

Sasa nakuja kwa lile ambalo mama yako hajui na wewe hujui.

Leo asubuhi nilimpigia kocha. Nilienda mbali na watu, hadi kule shambani nyuma ya miwa, kwa sababu nimeshajijua. Akashika.

"Kocha, huyu ni Wekesa, baba ya Nasimiyu."

"Ndiyo mzee, mko tayari?"

"Msuli wake wa nyuma ya paja ulichanika mchana wa siku ile ulipomwona. Ulikuwa umeshaondoka. Haujapona."



"Mzee, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Na ukasema ni fahali."

"Nilikuwa kwa kinyozi."

Sijui kama alielewa. Akashusha pumzi. Akasema anachukia sana wazazi wa namna yangu, na mimi nikamwambia tuko wawili. Akasema kuna wasichana wengine wazima wanaotaka nafasi hiyo, na wakubwa wake wanataka kuona mbio Jumamosi, hawataki kuona bandeji. Hapo nikawaka. Nikamwambia, "Sikiliza, kijana. Mtu akiniletea dume changa lenye kasi, limechanika, silirudishi kwao nikachukua zima la polepole. Nalilaza, nalilisha, nangoja. Kama hamjui kungoja, nyinyi si walimu, nyinyi ni wachuuzi." Na nikaongeza kwamba akikukimbiza Jumamosi nakuja huko na Greda kwa lori.

Nafikiri alicheka. Inaweza kuwa ilikuwa ni upepo wa simu. Akasema, "Mlete msichana, mzee. Jumamosi hatakimbia. Mtaalamu wetu wa viungo atamwangalia kwanza, tuone amechanika kiasi gani na itachukua muda gani. Lakini nafasi siwezi kukuahidi. Nikikuahidi nitakuwa nadanganya kama wewe."

Basi. Ndiyo hivyo. Nimevunja kiapo cha mama yangu, na nafasi yako nimeiweka mahali ambapo inaweza kuanguka. Utakasirika, na una haki, na ukitaka kunyamaza usinipigie simu mpaka mvua za masika ziishe, nyamaza. Nimewahi kununiwa na watu wakubwa kuliko wewe.

Lakini Jumamosi wakikuuliza kunauma wapi, waonyeshe. Usipunguze. Wakikubakisha, waulize kila siku leo tunafanya hili kwa ajili ya nini, kwa raga au kwa mbio, na kesho napumzika au vipi. Wakikasirika kwa sababu umeuliza, jua ni wa filimbi moja. Mwambie huyo mtaalamu pia juu ya magoti yako, na juu ya mikebe ya saruji, usinifiche. Mikebe yenyewe nimeivunja kwa nyundo leo mchana. Mama yako anafikiri natengeneza njia ya choo.

Na kama watasema rudi, basi utarudi. Sitaki kusikia ati umeona aibu ukakaa kwa shangazi ya mtu huko Nairobi. Panda basi, ushuke hapa barabarani, mchana, watu wote wakiona. Kina Lutomia watakuwepo pale kwa kinyozi, waache waone. Utaniona nikitoka upande wa miwa. Usiharakishe kuja kwangu, mama. Shuka polepole, shika mlango, weka mguu chini vizuri, usimame hapo hapo. Siku hiyo nitakimbia mimi.

Baba yako,
Wekesa